Kulala kwa Lameki

Babu yangu ana watoto watano, na mpaka Pasaka iliyopita alikuwa amelala nyumbani kwa wanne. Kwa baba yangu hakuna safari, tunakaa uwanja mmoja hapa Mdandu. Kwa shangazi wa Iwawa alilala siku tatu, akarudi akisema baridi ya kule inauma kama siafu. Kwa wawili wengine alifika kabla sijaanza shule. Aliyebaki alikuwa Lameki, kitinda mimba, baba yangu mdogo, karani wa kiwanda cha nguo Dar es Salaam.

"Nikilala kwa Lameki nitakuwa nimemaliza," Babu alizoea kusema. Hakusema amemaliza nini, nasi hatukuuliza.

Barua za Babu naziandika mimi. Nilimwandikia baba mdogo kwamba baba yake anataka kuja kulala kwake. Jibu lilichelewa mpaka Babu akaacha kwenda kuliulizia. Lilipofika lilikuwa fupi: njooni baada ya Pasaka, nimeshapanga kila kitu. Babu alinitaka niisome barua ile mara tatu, na Jumapili akawatangazia wazee wenzake nje ya kanisa.

Tulipangwa kwenda watano: Babu, Bibi, mama yangu, mdogo wangu Sesi wa miaka minne, na mimi. Baba alibaki na viazi na ng'ombe. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Kiswahili cha Bibi ni cha sokoni tu, akikasirika anarudi kwenye Kibena, basi alihitaji mtu wa kumsemea. Kunichagua mimi kwa kazi hiyo ni ajabu. Niko kidato cha tatu na sijawahi kunyoosha mkono darasani. Wageni hunisifu kwamba nina adabu. Ukweli ni kwamba naogopa sauti yangu.

Alfajiri ya Jumanne tulipanda lori la Mzee Salumu lililokuja kuchukua mahindi. Babu alivaa koti lake la sufi akakaa mbele na dereva. Sisi tulikaa juu ya magunia, ukungu ukitulowesha nywele. Bibi alikuwa amefunga viazi, maharage, mche mzima wa sabuni na mablanketi mawili. Mama alimwambia Dar hakuna baridi. Bibi akajibu kwamba hajawahi kuona nchi isiyo na baridi, na mpaka aione, mablanketi yatakwenda.

Saa nne tulikuwa Makambako. Treni ilikuwa ya jioni, hivyo Mzee Salumu alitupeleka kwake tupumzike. Ni mtu wa Tanga, amekuja kwetu kwa biashara miaka mingi, na mkewe alitutandikia mkeka akatuletea chai ya tangawizi. Mchana nilizunguka sokoni na Mama. Kuna redio, ndoo za rangi zote, sketi za mitumba zimerundikwa chini kama nyasi, na sabuni za harufu unachagua mpaka unachoka. Mama alisimama mbele ya zile sabuni muda mrefu. Alisema nilipokuwa mchanga alipanga foleni nusu siku kwa kipande kimoja, na alipofika mbele kikawa kimekwisha. Hakununua. Alizinusa tu, tukaondoka.

Wakati wa kuagana, Mzee Salumu alimtania Babu kwamba Wabena wakifika Dar huyeyuka, huwa zinarudi kofia zao tu.

"Na ninyi mlipokuja huku mliganda," Babu alimjibu, "mbona mnatuuzia chumvi mpaka leo?"

Kwenye treni tulikaa kama tunavyokaa nyumbani. Babu na Bibi kwenye kiti kimoja, mimi katikati, Mama na Sesi upande wa pili wa njia, Mama akiwa amewapa mgongo kidogo. Asiyetujua angedhani wamegombana. Mama ni mkwe wa Babu, na kwetu mkwe hakai karibu na baba mkwe, hampi kitu mkono kwa mkono, wala hawalali chini ya dari ya chumba kimoja. Kila kiazi alichomenya Mama kilipita kwangu kwenda kwa Babu, na kila asante ya Babu ilipita kwangu kurudi. Tulipoingia kwenye mahandaki ya reli, giza likatufunika, Sesi alicheka kwa sauti na Bibi akaomba. Nikalala kabla hatujamaliza mteremko.

Asubuhi niliamka nikiwa nimelowa jasho. Nje palikuwa tambarare na pori, na abiria wote walikuwa wamejaa madirishani kuangalia twiga wawili waliosimama kama hawajui treni ni nini. Bibi alivua sweta moja. Alikuwa na mbili.

Saa tatu tulifika Dar es Salaam. Baba mdogo alikuwa anatungoja na shati jeupe na tai, viatu vinang'aa. Nilikuwa sijamwona tangu darasa la tano. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Babu kwa kuinama, akabeba gunia la viazi begani na tai yake, akatuingiza kwenye teksi.

Babu alikaa wima kama yuko kanisani, anatazama kila nyumba. Nilijua anatafuta ipi ni ya mwanawe. Teksi ilipita mjini, ikashuka kuelekea bandarini, ikasimama mbele ya jengo refu linalotazama maji. Mtu mwenye kofia alitufungulia mlango.

Babu alidhani tumepita kunywa chai. Alisema asingependa kuchelewa, afadhali chai tuinywe nyumbani. Ndipo baba mdogo akaeleza, akiangalia viatu vyake, kwamba tutalala hapo siku mbili. Vyumba viwili, vya mbele, vimeshaandaliwa.

"Nyumba yako iko wapi?" Babu aliuliza.

"Iko mbali kidogo, Baba. Na inapakwa rangi. Harufu ni kali."

"Mimi nimelala ghalani juu ya mahindi yenye dawa. Rangi itanifanya nini?"

Yule mwenye kofia alikuwa ameshachukua mizigo.

Naomba niseme kweli hapa, kwa kuwa hili daftari halisomwi na mwalimu. Niliipenda ile hoteli tangu mlangoni. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne, na dirisha lilikuwa ukuta mzima. Chini niliona meli zimetia nanga, winchi zinainua makasha, na pantoni linavuka na kurudi limejaa watu na baiskeli. Bafuni maji ya moto yalitoka ukutani. Nilioga mara mbili kabla ya saa sita. Sesi alitaka kushinda kwenye lifti, na kila akimkuta mtu humo alimwamkia "kamwene" kama Bibi alivyomfundisha. Mpishi mmoja wa Iringa akamwitikia, na kuanzia hapo Sesi akaamini hoteli nzima ni Wabena.

Mashine ya baridi ilipuliza kutoka darini na hakuna aliyejua inazimwaje. Bibi alivaa tena sweta zote mbili, akafungua mablanketi, akamtazama Mama. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini Babu hakucheka. Katika chumba chake na Bibi, chenye vitanda viwili, aliweka begi lake karibu na mlango na hakulifungua. Alivuta kiti, akakaa na koti lake. Chakula cha hoteli hakukigusa. Alikula mahindi tuliyochemsha nyumbani, akanywa maji ya bomba. Alipotaka kulala, Bibi aliniambia baadaye, alilala palepale kwenye kiti.

Kwetu, mtu akimlaza baba yake nyumba ya wageni wakati ana nyumba yake, amemwambia kwamba hamtaki. Hakuna namna nyingine ya kulielewa. Nami nilielewa, ila nilikuwa naomba kimoyomoyo Babu avumilie mpaka Ijumaa ili nioge tena.

Alhamisi alfajiri Bibi aliniamsha. Alikuwa amekwisha kutandua vitanda. Bibi ametulea hivi: mwanamke akilala ugenini, haachi mashuka aliyolalia yafuliwe na mwenyeji. Anaamka kabla ya watu, anafua, anaanika. Tulikuwa tunaondoka kesho yake, na masika mashuka hayakauki haraka, kwa hiyo yafuliwe leo.

"Twende mke mwenzangu," alisema. Huniita hivyo kwa sababu Babu huniita mkewe. "Kaulize kisima kiko wapi."

Nilibeba mashuka, yeye akabeba sabuni. Koridoni tulikutana na mama mmoja wa usafi anayesukuma kigari. Nilijaribu kumweleza, sauti ikatoka kidogo sana, akaniambia sema tena. Nilisema tena. Alicheka, akataka kuyapokea. Bibi akayavuta. Wakavutana pale, Bibi akifoka kwa Kibena kwamba hajazeeka kiasi cha kufuliwa na mtoto, nami nikatafsiri nusu, ile nusu yenye heshima.

"Haya bibi," yule mama alisema akifuta macho kwa kicheko, "njoo basi uone tunapofulia, ili roho yako itulie."

Alitushusha kwa ngazi za nyuma. Chini kabisa palikuwa na mlango mzito, na alipoufungua, mvuke wa moto ulitupiga usoni. Kulikuwa na mashine kubwa zinazozunguka, na watu wanne wenye ovaroli za bluu na gambuti. Mmoja alikuwa ameinama anavuta mashuka mabichi kutoka kwenye mashine, amelowa mpaka kifuani. Alipogeuka, alikuwa baba mdogo Lameki.

Alikuwa ametuambia atakuja saa nne akitoka ofisini.

Nilitazama sakafu. Nilisikia mashine moja ikisimama. Bibi akaweka mche wa sabuni juu ya meza.

"Kumbe ni kwako," alisema. "Basi nipe maji."

Baba mdogo alitaka kucheka, ikashindikana. Alimwelekeza kwenye beseni la pembeni, na Bibi akafua shuka zetu kwa mkono, katikati ya mashine zile, wakati mwanawe anamweleza. Kiwanda kiliuzwa, makarani wakapunguzwa, naye akiwa wa kwanza. Alikaa miezi mingi bila kazi kabla ya kupata hii. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga Temeke, yeye, mkewe na mtoto wao Jeni. Mwenye hoteli mpya alikuwa na utaratibu: masika vyumba vikiwa vitupu, mfanyakazi ambaye hakukosa kazini mwaka mzima hupewa vyumba viwili kwa siku mbili alete wazazi wake.

"Chumba kimoja, Mama," alisema. "Mke wangu alale wapi, na baba mkwe wake alale wapi? Ningemfanya nini Baba? Nikaona afadhali anichukie kwa hoteli."

Kisha akatuomba tusimwambie. Bibi alisema yeye hatasema, mwenye mdomo atasema mwenyewe. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Tulipopanda, Babu alikuwa amesimama koridoni na koti lake. Aliniuliza tumetoka wapi. Nikasema kufua.

"Mmemwona Lameki?"

"Hapana, Babu."

Nimeandika kwamba naogopa sauti yangu. Safari hii ilitoka bila shida hata kidogo.

Saa nne baba mdogo alikuja, ameoga, amevaa shati na tai, pamoja na mkewe, Mama Jeni, mtoto mgongoni. Tulishuka wote kwenye bustani ya mbele inayotazama maji. Mama na Mama Jeni walikaa nyasini kando, wamegeukia meli. Mvua ilikuwa imekatika na pantoni lilikuwa linapiga honi. Babu alikuwa ameleta begi lake.

Alisema bila hasira. Alisema treni ni kesho na amekuja kwa neno moja tu. Kama leo halali kwa mwanawe, basi atakwenda kulala stesheni, maana stesheni ni ya kila mtu na hakuna anayemficha. Akirudi Mdandu atawaambia watu alilala kwa watoto wanne, basi.

Bibi alimtazama baba mdogo. Mama Jeni, pale nyasini, aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa yule mmoja aliyesafiri kwa ajili hiyo, naye alikuwa ameshika mpini wa begi tayari kuinuka.

"Babu," nilisema, "asubuhi nilikudanganya. Tulimwona."

Wote walinigeukia. Sikuweza kuendelea, lakini haikuhitajika. Baba mdogo alivuta pumzi, akasema mwenyewe. Alisema yote, kiwanda, kazi, chumba, tena alisema "nafua mashuka, Baba" mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza haikutosha.

Babu alitazama mikono ya mwanawe. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa maji. Pantoni lilifika ng'ambo, likashusha watu, likaanza kurudi.

"Hicho chumba kina mlango?"

"Kina mlango, Baba."

"Basi nilikuja kulala. Sikuja kupima."

"Na mkweo, Baba?" baba mdogo aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilimwona amekwama. Nia ya kwenda ilikuwepo na njia hakuna, kwa kuwa lile ni jambo ambalo hata yeye, pamoja na ukali wake, asingelivunja. Akaketi tena.

Bibi ndiye aliyeinuka. Alikung'uta kitenge chake.

"Kuna kitanda huko juu hakijalaliwa," alisema. "Mwenyewe alipenda kiti. Mkwe wangu atalala hapo, na mimi na mjukuu wangu. Ninyi wanaume nendeni zenu Temeke."

Nikamtafsiria Mama Jeni, kwa kuwa yeye ni mtu wa Pwani na hakuelewa Kibena. Aliziba mdomo kwa khanga, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Baba mdogo alikwenda kuomba ruhusa kwa msimamizi wake, akarudi akisema imekubalika.

Mchana Mama Jeni alikwenda kupika, akaacha ugali na samaki vimefunikwa, akarudi kwetu jioni na Jeni na kifurushi kidogo cha nguo. Miaka miwili mumewe amefanya kazi katika jengo lile, naye alikuwa hajawahi kupita mlango wa mbele. Alitembea chumbani bila viatu. Hakugusa redio wala simu. Alikwenda kitandani, akapitisha kiganja juu ya shuka, akafuata mkunjo wa pasi kwa kidole.

"Haya ni ya Baba Jeni," aliniambia. "Ndivyo anavyokunja hata nyumbani."

Kisha akalala katikati ya kitanda kile kikubwa na mtoto wake, na Bibi akawafunika blanketi la Mdandu kwa sababu ya ile mashine ya baridi.

Ijumaa asubuhi tulipitia Temeke kumchukua Babu. Chumba kilikuwa kidogo kweli. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakijaguswa, kwa kuwa Babu asingelala kwenye kitanda cha mwanawe na mkewe, na baba mdogo asingelala juu wakati baba yake yuko chini. Walikuwa wameazima magodoro kwa jirani, wakalala sakafuni ubavu kwa ubavu. Babu alikuwa na alama za mbu mpaka kichwani. Koti la sufi lilikuwa limetundikwa msumarini. Alikuwa anakula kiporo cha ugali na samaki, na aliponiona alisema kwamba mke wake mdogo ameota sauti mjini, sasa atamsumbua nyumbani. Mama Jeni alimwamkia kutoka uani, kama inavyotakiwa, na Babu akaitikia kutoka ndani.

Njiani kurudi Babu alilala karibu safari yote. Makambako tuliteremka kwenye ukungu na baridi, na sote tukavuta hewa kama watu waliotoka majini. Mzee Salumu aliuliza kama ameyeyuka. Babu alisema amepungua mafuta, mtu yupo.

Jumapili nje ya kanisa, wazee walimzunguka. Mmoja aliuliza karani wetu hajambo. Nilisimama nyuma na vitabu vya nyimbo.

"Hajambo," Babu alisema. "Kiwanda kimeuzwa, siyo karani tena. Anafua mashuka kwenye hoteli kubwa. Nimelala kwake."

Mzee mmoja alitaka kucheka, akatazama wenzake, hakuna aliyecheka. Wakamwuliza hiyo hoteli ikoje, ina ghorofa ngapi, kweli maji ya moto hutoka ukutani? Babu akasema hajui sana, waulizwe wanawake, wao ndio waliolala huko.

Kwenye safari hii nimejifunza jambo ambalo sikulipenda kulijua. Miaka yote nilidhani kunyamaza kwangu hakumdhuru mtu. Siku ile koridoni Babu aliniuliza swali la maneno mawili, na kwa sababu ya maji ya moto nilikuwa tayari arudi kwetu akiwa amelala kwa watoto wanne tu. Bado naogopa sauti yangu. Ila wazee wale walipogeuka na kuniangalia, nikaweka vitabu chini, nikaanza kuwaeleza, kuanzia lifti.